Kuacha kazi ya ofisini na kununua duka la spea (Marekani)

Kutoka: Dallas

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni kubwa, na mwaka huu wamepunguza karibu idara nzima ya jirani. Kuna mzee Mmarekani anastaafu, anauza duka lake la spea za magari lenye bango la kampuni inayojulikana. Wakati huohuo wakala mmoja ananivuta kwenye franchaizi (unalipa kampuni ili ufanye biashara kwa jina na utaratibu wake) ya kuuza zana kwa mafundi, ile ya kuzunguka na gari gereji kwa gereji. Nina green card, akiba kiasi, na 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini. Nafikiria pia kutuma spea Dar. Naomba ushauri wa mtu aliyepita njia hii.

Kutoka: Atlanta

Marahaba mwanangu. Mimi nilitoka benki nikanunua duka la spea hapa Georgia, na ninalo hadi leo. Nitaandika kirefu, maana hapa inaingia nyumba yako na watoto wako.

Kwanza jua unauziwa nini. Maduka ya AutoZone na O'Reilly hapa ni ya kampuni zenyewe, mtu binafsi hauziwi. Maduka ya NAPA, msambazaji wa spea, mengi ni ya watu binafsi wanaouza mzigo wake chini ya bango lake, na wenyewe hujitangaza kuwa si franchaizi. Gari za zana, kama Snap-on na Matco, hizo ni franchaizi kamili. Kwa franchaizi, sheria ya FTC, tume ya serikali ya biashara, inamlazimisha muuzaji akupe waraka wa FDD, unaoeleza undani wa franchaizi hiyo, angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa chochote. Una vipengele 23. Cha 7 kinaonyesha gharama zote za kuanzia. Cha 20 kina orodha ya waliomo na ya waliotoka mwaka uliopita, pamoja na mawasiliano yao. Wapigie waliotoka kabla ya kuwapigia waliomo. Duka la mzee likiwa si franchaizi, hupewi waraka huo, kwa hiyo dai mwenyewe ritani zake za kodi za miaka mitatu.

Sasa njoo kaunta. Asubuhi fundi anapiga simu, gari ya mteja iko juu ya lifti, anataka pedi na diski za breki za Silverado. Kijana wa kaunta lazima aulize mwaka, injini, na ikibidi VIN yote, namba ya utambulisho wa gari yenye herufi na tarakimu 17. Akituma pedi zisizoingia, lifti ya fundi imefungwa na gari isiyotembea. Hilo likijirudia, fundi anahamia duka la pili na harudi. Ndiyo maana yule mtu wa kaunta ana thamani kuliko bango. Muulize mzee nani atabaki, kisha kaa na hao watu mwenyewe, uwasikie.

Gereji huchukua kwa mali kauli na kulipa mwisho wa mwezi. Omba daftari la madeni na uangalie yaliyopita siku 90. Mauzo yanaweza kupendeza kwenye karatasi huku nusu yake iko mifukoni mwa watu.

Stoo ingia na tochi. Mzigo uliododa hukaa rafu za juu na za nyuma: spea za magari ambayo hayapo tena barabarani. Omba ripoti ya kila kipuri na tarehe kilipouzwa mara ya mwisho. Kisichouzwa ndani ya mwaka usikilipie bei ya kitabu. Na zile stata na oltaneta kuukuu zilizorundikwa nyuma ni pesa, maana msambazaji hurudisha amana iliyolipwa wakati wa kununua mpya, ukizipeleka. Zihesabiwe, na mkataba useme ni za nani.

Mkopo wa SBA 7(a), wa benki unaodhaminiwa na idara ya serikali ya biashara ndogo, unafika dola milioni 5, lakini kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara anadhamini kwa mali yake. Masharti kwa wasio raia yamekuwa yakibadilika, basi uliza benki kabla hujatoa hata senti. Ukitoa 401(k) kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unalipa kodi na adhabu ya asilimia 10 juu yake. Bima ya afya: COBRA, sheria ya kubaki na bima ya kazini baada ya kuacha kazi, kwa kawaida inakubeba miezi 18, ila unaweza kulipa hadi asilimia 102 ya gharama yote, pamoja na ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri. Iweke kwenye bajeti ya nyumbani sasa hivi.

La Dar liache. Noah na Probox hazikuuzwa Marekani, na Gerezani wanapokea mzigo kutoka Japani, Dubai na China. Rafu zako zitakuwa na vitu vya Ford na Chevrolet.

Kutoka: Minneapolis

Kaka yangu ameeleza vizuri. Naongeza kwa wasio na green card: H-1B, viza ya kazi, inakufunga kwa mwajiri wako, usiache kazi kwa haraka. Viza ya E-2 ya wawekezaji inawahusu ndugu zetu wa Kongo Kinshasa. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa.

Kutoka: Dallas

Asanteni sana, wazee wangu. Mzee amekubali kubaki dukani miezi mitatu ya mwanzo. Je, nimlipe mshahara?

Kutoka: Atlanta

Mlipe, hiyo ni haki yake. Ila omba pia sehemu ya bei ibaki deni, umlipe kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, ili naye awe na sababu ya kukutambulisha vizuri kwa gereji zake. Mwanasheria aandike pia kwamba hatafungua duka jingine jirani. Ukipata zile ripoti za stoo, nitumie pembeni tuzipitie pamoja Jumapili jioni.