Naomba ushauri: tufunge uvuvi wa mtoni kwa tarehe au kwa kufuata maji?

Nyavu_Chini:
Wakuu, kikundi chetu cha wavuvi hufunga uvuvi mtoni kwa tarehe zilezile kila mwaka ili samaki wazaliane. Msimu huu mvua zilichelewa. Siku za kufunga zikaisha mto ungali chini, tukarudisha nyavu, na kambare majike tuliowapata matumbo yalikuwa yamejaa mayai. Maji yalipokuja kupanda tukawa tunawakamata njiani wakielekea kwenye mbuga zilizofurika. Inaniuma sana. Nataka nipeleke hoja tufuate mto, si kalenda. Dalili zipi ni za kuaminika? Na kwa nini samaki mwenye mayai tayari asitage tu?

Kina_Kirefu:
Mkuu, kuwa na mayai ni jambo moja na kutaga ni jingine. Mayai hukomaa polepole kwa kufuata joto la maji, lishe na, kwa mito iliyo mbali na ikweta, urefu wa mchana. Yakishakomaa, kambare anasubiri. Kinachomwamsha ni maji kupanda na kufunika nyasi za kingoni. Hutaga usiku kwenye maji ya kina kifupi, mayai yananata kwenye majani, wazazi wanaondoka zao. Maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 28, vifaranga huanguliwa baada ya siku moja hivi, na wanakuta vijidudu vya majini vimeshamiri kwa rutuba ya ardhi iliyofurika, tena wana pa kujificha. Akitaga mto ukiwa chini, hayo yote hayapo. Mafuriko yasipofika kabisa, mwili wa jike huyafyonza mayai.

Domodomo:
Naongezea: si kimo cha maji peke yake. Maji ya mvua huzimua chumvichumvi za mto, na wapo samaki wanaolihisi hilo. Domodomo wadogo wa jenasi Pollimyrus wamewahi kuzalishwa kwenye matangi kwa kupunguza chumvi hizo, kupandisha maji na kuiga mvua.

Mzee_wa_Ngalawa:
Vijana, msifute tarehe. Tarehe kila mtu anaijua, dalili zitaleta ubishi kila asubuhi. Halafu mvua ya kwanza hudanganya: maji yanapanda, samaki wanataga, yanashuka ghafla na vifaranga wanakauka kwenye vidimbwi. Mimi ningeweka tarehe ya kuanza kufunga, ila mwisho wake uamuliwe na maji. Na perege msimchanganye humu. Huyo kwenye maji ya joto huzaa karibu mwaka mzima, na hutengeneza viota mahali palipotulia. Kumlinda kunataka maeneo ya kutovuliwa kabisa.

Nyavu_Chini:
Shikamoo mzee, hilo la kufungua kwa kufuata maji nimelipenda. Shida nyingine, juu yetu kuna bwawa la umeme. Mto unapanda na kushuka wanavyotaka wao.

Kina_Kirefu:
Basi hoja yako iwafikie na hao. Mabwawa makubwa huweza kuachia maji ya chini kabisa, ambayo ni baridi. Mto Colorado, Marekani, ulipoa hivyo chini ya bwawa la Glen Canyon na samaki wa asili wakashindwa kuzaliana humo vizuri. Lakini yanarekebishika: Mto Yangtze, China, tangu 2011 bwawa la Three Gorges limekuwa likiachia maji kwa mpangilio wa kuiga mafuriko, kwa ajili ya samaki aina ya kapu (carp) wanaotaga maji yakifika nyuzi 18 na kuanza kupanda. Waombeni wapandishe maji wakati wa mvua na wayashushe taratibu.

Kwa upande wenu, simikeni nguzo yenye alama za kimo na mpime joto la maji kila asubuhi, mwandike daftarini. Majike mkianza kuwaona wengi matumbo yamelegea, wameshataga. Hata hapo msifungue. Subirini vifaranga warudi mtoni maji yakipungua, na kwenye mifereji wanayopitia msitege kabisa.

Nyavu_Chini:
Asanteni wakuu. Nguzo tunaisimika kabla ya kikao. Mzee, daftari nitaomba ulitunze wewe.