Umetamka "nimesamehe" lakini moyo umegoma: tatizo liko hatua gani?

Sikio_la_Usiku:
Salaam wanajamvi. Naleta swali na ninaomba lijibiwe kwa hatua, maana methali tunazo za kutosha.

Mtu kasalitiwa na mwandani wake, siri zake zimetoka nje. Kaomba, kafunga, na mbele ya watu katamka kwamba amesamehe. Wiki mbili baadaye akisikia jina la yule mtu kifua kinambana, na usiku anajibizana naye kichwani mpaka saa nane. Sasa anajiona mnafiki mbele za Mungu, yaani kidonda kimoja kimezaa cha pili. Kakosea wapi? Aanzie wapi? Na je, kusamehe maana yake lazima arudishe ukaribu?

Bi_Nasaha:
Ndugu yangu, hajakosea kusamehe. Tatizo ni kwamba hakuelezwa kuwa kuna misamaha miwili. Upo msamaha wa uamuzi: naamua sitalipiza, sitamtakia mabaya. Huo unaweza kufanyika leo kwa kauli moja, na ni wa kweli. Upo pia msamaha wa hisia, pale uchungu wenyewe unapopungua na huruma kidogo ikaanza kuingia. Huo hauamrishwi, huja polepole. Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeutafiti msamaha kwa miaka mingi, anasisitiza sana tofauti hii. Kwa hiyo kifua kubana hakufuti uamuzi wake. Kunaonyesha tu kwamba nusu ya pili bado.

Nusu hiyo huanza kwa kuitaja hasara. Wengi husamehe kwa jumla, na deni usilolijua kiasi chake huwezi kulifuta. Chukua karatasi. Ukiandika "alinivunjia heshima", moyo hauna pa kushika. Andika kama shahidi angeona: "Nilimweleza kuhusu ugonjwa wangu tukiwa wawili. Siku tatu baadaye watu wanne walikuwa wanaujua." Kisha chini yake andika ulichopoteza. Hapo watu wengi hushtuka, kwa sababu mara nyingi siri yenyewe si kinachouma zaidi. Kinachouma ni kwamba yule pekee uliyekuwa unamweleza mambo hayupo tena. Huo ni msiba, na unahitaji kuliliwa kama msiba.

Baada ya hapo, andika kwa dakika 15 hadi 20 kila siku, siku 3 au 4 mfululizo, bila kujali mwandiko na bila kumwonyesha mtu. James Pennebaker na mwenzake waliipima njia hii katika utafiti wao wa 1986, na imepimwa mara nyingi tangu hapo. Kwa saa moja au mbili baada ya kuandika unaweza kujisikia vibaya zaidi. Ni kawaida, ila kwa sababu hiyo usiandike karibu na kulala.

Kinachoharibu ni kurudia shutuma zilezile siku zote nne. Huko ni kucheua: majani yaleyale yanapanda na kushuka. Siku ya tatu soma ulichoandika uone kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" zimeanza kuingia. Hazipo? Badili upande, kisimulie kisa kama mtu wa tatu aliyekuwepo pale. Na kama tukio ni la juzi tu, au ukishika kalamu mwili unatetemeka, acha. Hakuna sifa ya kujilazimisha hapo.

Mwombolezaji:
Niongeze upande wa sala, maana hapo ndipo watu wa imani wanapokwama. Tunafundishwa kushukuru, basi tunaruka malalamiko na kwenda moja kwa moja kwenye sifa. Maandiko hayafanyi hivyo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Tumaini linakuja aya ya 5, baada ya mtu kusema yote. Ya 55 ni ya aliyeumizwa na rafiki aliyekuwa akienda naye nyumbani mwa Mungu, na ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado ni sala. Kwa ndugu zetu Waislamu, Nabii Yaakub katika sura ya 12, aya ya 86, anasema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Alishika subira huku akilia.

Kwa vitendo: mwite Mungu, mweleze kilichotokea kwa maneno yako makali kama yalivyo, omba jambo moja tu la leo (usingizi, au kuzuia ulimi), halafu nyamaza dakika tano. Sentensi ya tumaini ikija, iseme. Isipokuja usiitengeneze, kesho ipo. Kumwombea aliyekuumiza kuje baadaye, na kuanze kwa maneno machache: "Mungu, wewe unamjua." Anayejilazimisha kumwombea baraka kubwa wiki ya kwanza mara nyingi huishia kuichukia sala yenyewe.

Mizani:
Naomba nijibu lile la ukaribu. Msamaha unahitaji mtu mmoja, kupatana kunahitaji wawili, na kuaminiana kunahitaji muda. Yusufu aliwalisha ndugu zake, lakini katika Mwanzo 42 hadi 44 aliwapima kwanza, akaona kama wangemtelekeza Benyamini kama walivyomtelekeza yeye. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu akajitambulisha.

Basi angalia mambo haya kabla ya kurudisha ukaribu. Je, ametaja kosa lake kwa jina? "Kama nimekukwaza, nisamehe" si kukiri, na "lakini na wewe" hufuta yote yaliyotangulia. Je, ametengeneza alichoharibu, kwa mfano kurudi kwa wale wanne na kuwaambia amekosea? Je, mwenendo wake umebadilika hata pale asipoangaliwa? Kama hapana, salamu inatosha. Kama ndiyo, mpe habari ndogo kwanza, ukisikia imetoka nje umeshapata jibu.

Na palipo na kipigo au unyanyasaji, asipelekwe mtu kuonana na aliyemtesa kwa jina la suluhu. Mathayo 18:15 hutumiwa kumsukuma mtu aende peke yake, ilhali aya inayofuata inataka mashahidi. Kurani 42:40 nayo inaitambua haki ya malipo sawa na kosa kabla ya kumsifu anayesamehe. Kushitaki hakuvunji msamaha.

Sikio_la_Usiku:
Asanteni sana, nimepata mwanga. Bi Nasaha, na zile saa nane za usiku?

Bi_Nasaha:
Upe ugomvi huo wa kichwani saa yake mchana. Dakika 20, muda uleule kila siku, kwenye kiti kilekile ambacho si kitanda. Ukija usiku, uambie "kesho saa kumi" na uuandike kwa mstari mmoja tu. Usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, dakika tano hivi. Rudi ukisinzia. Simu usiiguse, utaenda kutazama anachofanya yule mtu na usiku utakuwa umekwisha.

Jambo moja nisilipite. Ndoto za kutisha, tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa, kushtuka ovyo na kukwepa kila kinachokumbusha, vikizidi mwezi mmoja, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Likija wazo la kujiua asisubiri hata kesho: amwambie mtu aliye karibu na wafuatane hospitali.