Mrejesho: kotleti za kuku za Kirusi, safari hii zimekubali
Wakuu nimerudi. Niliuliza wiki iliyopita kwa nini kotleti zangu za kuku (nyama ya kusaga inayofinyangwa na kukaangwa) zinapasukia kwenye kikaango na zikiiva ni kavu, nataka zile laini nilizozoea kula kantini nikisoma Urusi, sio katlesi zetu za viazi.

Asanteni sana aisee. Kosa kubwa lilikuwa nyama, nilikuwa natumia kidari kitupu. Jana nimesaga nusu kilo, mapaja mengi kidari kidogo, nikaweka slesi 2 za mkate wa juzi nilizoloweka kwenye maziwa nikazikamua, kitunguu nimekikuna, yai 1, chumvi na pilipili manga, basi. Halafu ile ya kuupiga mchanganyiko, unauinua unaubamiza kwenye bakuli kama mara 20 hadi unashikana, hiyo ndo siri yenyewe jamani! Friji nusu saa, mikono nikailowesha maji ndo nikafinyanga, zikapita kwenye chenga za mkate, moto wa wastani, mwishoni nikafunika dakika 5 ziive mpaka ndani.

Hakuna hata moja iliyopasuka. Tumekula na viazi vya kuponda, mama kaomba nipike tena Jumapili.