Watoto wapigwe marufuku simu za tachi mpaka wamalize kidato cha nne?

Baba wa Wete: Assalaam aleikum. Juzi nimeshika simu ya binti yangu wa darasa la sita, nikakuta ujumbe wa saa tano usiku: "Umelala? Mama yupo? Nitumie picha moja tu, nakurushia bando. Iwe siri yetu." Picha aliyojiwekea huyo mtumaji ni ya msichana wa skuli, ushungi mweupe. Mikono ilinitetemeka. Nasema mtoto asimiliki simu mpaka kidato cha nne. Na kina mama wanaowapa watoto simu ili wapike kwa raha, wajitazame.

Mama Chake: Pole kwa mwanao, kaka, lakini hapo kwa kina mama umenichoma. Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, mwezi wa pili huu. Simu ndiyo wanawe wanayoisikilizia sauti yake. Kwani hiyo ya binti yako alimnunulia nani?

Baba wa Wete: Nilinunua mie. Sikatai.

Kijana wa Mkoani: Kina mama wa siku hizi na wao wamezidi, usiku kucha kwenye magrupu.

Mama Chake: Na wewe uliyasomaje hayo ya usiku kucha, ulikuwa umelala? Anayewinda watoto ni mwanamme mzima, tunahukumiwa sisi!

Fundi wa Darajani: Jamani, mie natengeneza simu. Wazazi wanakuja na simu ya mtoto, wananinong'oneza: "Ifute yote, tusiaibike." Ukifuta umemfutia huyo mkosaji! Ujumbe, namba, saa, ndio ushahidi huo. Nawaambia wapige picha ya skrini, simu waiweke kama ilivyo. Wengine hununa, wakenda kwa fundi wa pili.

Kijana wa Mkoani: Ushahidi wa nini? Sheria ya mtandao si ya Bara ile?

Bint Ng'ambo: Hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku Zanzibar, na picha za ngono za watoto zimo. Tena tuna Sheria yetu ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na mahakama maalumu ya udhalilishaji wa kijinsia tangu 2021. Namba 116 ya watoto ni bure. Kinachotumaliza Zanzibar ni muhali, kule kuoneana haya tukafichiana maovu.

Mzee wa Micheweni: Binti, muhali usiutukane. Ndio uliotulea. Huyo unayemshitaki leo, kesho ndiye anayekuchimbia kaburi la mama yako.

Bint Ng'ambo: Shikamoo mzee wangu. Na mtoto je? Atamwamkia mtu huyo kila akipita kwenda chuo cha Kurani?

Mzee wa Micheweni: Marahaba. Sikusema aachwe. Nimesema wazee wakae kwanza.

Mama Chake: Wakikaa wazee, mtoto huambiwa asamehe. Nimeyaona hayo nyumba ya tatu kutoka kwangu. Msichana mwenyewe alihamishiwa Unguja kwa shangazi yake, mwanamme yupo, anauza duka.

Baba wa Wete: Narudi. Mama Chake, lile neno la kina mama nisamehe. Nilijifanya namrushia pesa kwenye namba ile, jina likatokea. Si msichana, ni mtu wa mtaa wetu, twasali saffu moja. Jana baada ya Isha wamekuja wazee watatu kuniomba nisilifikishe mbali. Nimewapa chai. Ujumbe sijaufuta. Asubuhi nakwenda polisi, dawati la jinsia, mie, binti na mama yake.

Mama Chake: Simu ichajiwe usiku huu, kaka.