Podikasti za wanafunzi: zipewe alama au zibaki burudani ya Ijumaa?

Mwalimu wa Pwani: Walimu wenzangu, nina hoja, nipingeni. Kiswahili cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, kina karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, na zote ni za kuandika. Mtoto anaeleza sifa za mtambaji bora wa hadithi na hajawahi kutamba hata ngano moja. Nasema podikasti za wanafunzi zihesabiwe alama za darasani sawa na insha.

Muhula uliopita Kidato cha Tatu walirekodi wazee kuhusu pepo za bahari, kaskazi na kusi. Daftarini wote walikuwa wameandika "kaskazi ni upepo wa kaskazini", nami nikatia vyema. Kwenye rekodi, kijana mmoja anamwambia babu yake kuwa kaskazi huvuma kuelekea kaskazini. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sasa majahazi ya Arabuni yangefikaje Lamu, mjukuu wangu?" Kicheko hatukukikata. Kaskazi hutoka kaskazini; ile vyema yangu ilikuwa imepita juu ya kosa bila kuliona.

Mama wa watoto watatu: Shikamoo Mwalimu. Babu kanifurahisha, ila tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze 2017 sisi wazazi tumenunua manila, tumenunua gundi, tumepanga foleni saiberi kuchapisha picha. Sasa bando? Kazi hiyo itafanywa na mimi na dada yake mkubwa saa nne usiku, na alama mtakuwa mnanipa mimi.

Mwalimu wa Murang'a: Darasa langu lina wanafunzi 62. Dakika tano kila mmoja ni zaidi ya saa tano za kusikiliza, na hapo sijasahihisha insha. Lakini si hilo linaloniuma. Watoto wangu wengi huchanganya r na l. Mtoto akiandika "kalamu" anapata alama yake. Akitamka "karamu", darasa linaangua kicheko, na mwezi mzima anaitwa Karamu. Wenu wa Pwani wamezaliwa na matamshi hayo, Mwalimu. Utawapa alama za kuzaliwa?

Mwalimu wa Pwani: Marahaba, mama. Nyumbani hakuendi kitu isipokuwa maswali. Mzee anaalikwa shuleni, tunarekodi kwa simu yangu kwenye stoo ya magodoro (mabati ya darasani mvua ikinyesha husikii hata kengele), makundi ya watu sita, hakuna bando. Tunasikiliza pamoja kipindi cha Ijumaa, kwa hiyo hata hizo saa tano hazipo.

La karamu limenikamata. Nilikuwa natoa alama tano za matamshi. Nazifuta.

Mzazi na wakili: Na msizirushe mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na sauti yake ni data.

Mwalimu wa Pwani: Hazitoki stoo, wakili.

Mwalimu wa Murang'a: Haya, matamshi umeyafuta. Sasa unapima nini ambacho insha haipimi?

Mwalimu wa Pwani: Swali la pili. La kwanza wote huja nalo limeandikwa. Yule kijana, babu alipomaliza kukohoa, alinyamaza kidogo, karatasi nikaisikia ikikunjwa, halafu akauliza: "Kwa hiyo hao Waarabu walingoja kusi ndiyo warudi kwao?" Hilo halikuwa kwenye karatasi yake, na mimi sikuwa nimelifundisha.

Mwalimu wa Murang'a: Nitumie huo mwongozo wako wa alama. Bado sijakubali.