Kambi ya lakrosi ya kiangazi kwa mtoto wa miaka 12: ya kutwa, ya bweni au ya kujionyesha?

Mzazi wa Towson
Ndugu zangu, salaam. Mwanangu ana miaka 12, anacheza kiungo katika timu ya mtaa hapa Maryland, na Septemba ataingia darasa la saba. Ana mbio na bidii, lakini anadaka na kurusha mpira, kwa ile fimbo yenye wavu ya lakrosi, akitumia mkono wa kulia pekee, na mlinzi akishaligundua hilo humziba upande huo hadi filimbi ya mwisho. Nina kambi tatu za Julai mbele yangu: ya kutwa, inayoendeshwa na klabu ya kaunti, ya bweni katika chuo kikuu chenye jina kubwa, ambayo ada yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na ya siku moja, ambapo watoto huvaa namba na kucheza mbele ya makocha wa vyuo. Wenzake wengi wanakwenda hiyo ya tatu, naye anaitaka sana. Naomba maoni ya waliokwisha kuzipitia.

Kocha wa Kujitolea
Ndugu, hiyo ya tatu iondoe kwanza. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kocha wa chuo cha Daraja la Kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji au mzazi wake kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka anaoingia darasa la kumi na moja, hata wakikutana kambini. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 2017, baada ya vyuo kufikia hatua ya kuwaahidi nafasi watoto wa darasa la nane na la tisa. Kwa umri wa mwanao utakuwa umelipia mechi za siku moja, ambazo kila mtoto anataka afunge yeye, na hakuna mwenye nafasi ya kumsahihisha mkono wa kushoto. Akifika darasa la kumi, tuzungumze tena.

Kwa hizo mbili zilizobaki, usilipie nembo ya chuo. Uliza kama kocha mkuu anafundisha mwenyewe au anatoa hotuba ya ufunguzi kisha anawaachia wanafunzi wake, kila kocha ana watoto wangapi, na ni saa ngapi kwa siku zimetengwa kwa ufundi kabla ya mechi. Ikiwezekana, nenda ukatazame mazoezi yao kwa nusu saa tu. Kuna mahali utakuta watoto ishirini wamepanga mstari mbele ya goli moja, na kila mmoja anagusa mpira mara chache asubuhi nzima. Kwingine utawakuta wamesimama wawili wawili, mkono wa kushoto umeshika fimbo juu na wa kulia uko chini kwenye kitako, mpira unakwenda na kurudi bila kupumzika, huku kocha akipita kati yao na kuinua kiwiko kilicholegea. Hapo ndipo mkono dhaifu unapotengenezwa. Hata hivyo, siku chache za kambi zitampa umbo sahihi tu. Mazoea atayapata kwa kupiga mpira ukutani kila jioni, na ukuta hauna ada.

Mama wa Kipa
Nakubaliana na Kocha kwa wachezaji wasio makipa, lakini kwa makipa hesabu ni nyingine. Katika kambi ndogo nyingi kipa husimamishwa golini kutwa nzima apigwe mashuti, wala hakuna anayemfundisha hatua ya kwanza ya mguu au namna ya kuwarushia wenzake mpira baada ya kuudaka. Sisi tulilazimika kwenda ya bweni kwa sababu ilikuwa na kocha wa makipa, na sijutii ada ile. Ukichagua ya bweni, uliza nani analala na watoto katika kila ghorofa, na kama wasimamizi wote wamepata mafunzo ya SafeSport, yale ya kuwalinda watoto dhidi ya unyanyasaji michezoni, ambayo msingi wake ni kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali ambapo wengine hawawezi kuwaona na kuwaingilia. Wakijibu kwa kusitasita, rudisheni fomu.

Muuguzi, Silver Spring
Naongeza la afya, kwa kuwa mpira wa lakrosi ni raba ngumu yenye uzito wa gramu 140 hivi. Ukimgonga mtoto kifuani, juu ya moyo, katika sehemu fulani fupi ya pigo la moyo, moyo unaweza kuacha kupiga sawasawa ghafla, hata kwa mtoto asiye na ugonjwa wowote. Ndiyo sababu tangu 2022 wavulana wasio makipa wanatakiwa kuvaa kinga ya kifua ya kiwango cha ND200, kilichowekwa na NOCSAE, shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya michezo. Makipa walitangulia mwaka mmoja. Msimvalishe kinga ya zamani aliyoachiwa na kaka yake bila kuangalia kama ina alama hiyo. Kwa kuwa kinga haiondoi hatari yote, ulizeni mashine ya kushtua moyo iko wapi: iwe kando ya uwanja, isiwe imefungiwa ofisini, kwa sababu kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya mtoto kupona.

Kisha kuna joto la Julai la huku kwetu, lenye unyevu mwingi. Kambi nzuri huweka mazoezi mazito asubuhi na jioni, na saa za mchana huwapeleka watoto ndani.

Mzazi wa Towson
Nawashukuru sana. Nimewapigia simu wote wawili: chuoni kocha mmoja ana watoto kumi na wawili, na klabuni ana wanane, tena nusu ya kwanza ya kila siku ni ya ufundi. Naelekea kwenye ya kutwa. Ndugu yetu aliyeko Kanada ananishawishi kwamba fedha itakayobaki nimpeleke mtoto akacheze lakrosi ya ndani. Je, haitamchanganya?

Mzazi wa Scarborough, Ontario
Haitamchanganya, itamsaidia hasa katika udhaifu ulioueleza. Huku kiangazi tunacheza katika viwanja vya mpira wa magongo wa barafuni vilivyoondolewa barafu, watano na kipa kila upande, na goli lina upana wa mita 1.2 hivi, wakati la uwanja wa nje lina 1.8. Nafasi ni finyu na mlinzi yuko mwilini mwako muda wote, kwa hiyo mtoto hujifunza kudaka akiwa amebanwa na kurusha kwa kulenga pembe. Lakrosi ya wachezaji sita itakayochezwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028 nayo inahitaji wepesi huo huo, ingawa inachezwa nje. Jambo moja tu: wachezaji wengi wa mkono wa kulia hubaki upande mmoja wa uwanja na kutegemea mkono huo huo, basi mwambie kocha mapema kwamba unataka mwanao achezeshwe pande zote mbili. Na mnunulie kinga za mbavu na za mikono ya juu kabla ya kuja, kwa sababu vifaa alivyozoea kuvaa nje havitamtosha humu ndani.