Nimealikwa harusi Scotland, bwana harusi anataka tuvae kilti (ile sketi ya wanaume wa kule)

Mwana_Tanga: Wakuu habari zenu. Niko Glasgow mwaka wa pili huu, jamaa ninayepiga naye kazi anaoa mwezi ujao na anataka sisi wapambe wake wote tuvae kilti. Nimeenda duka la kukodisha nikaijaribu, aisee nzito, halafu mbele na nyuma sikujua ni wapi. Kinachonisumbua, mimi si wa ukoo wowote wa kule na nasikia kila tartani, yaani kile kitambaa cha miraba ya rangi, ina wenyewe, si nitaonekana nawaigiza?

fundi_sufi: Vaa mkuu, mwenye shughuli ndo kakuomba. Uzito ni sufi hiyo, kilti kamili inakula hadi yadi 8, mita 7 na kitu. Marinda yanakaa nyuma, mbele ni bapa, mapande mawili yanapandana, la juu unalifungia kiunoni kulia. Pindo liishie katikati ya goti. Na ile pini ya pambo ya mbele ichome pande la juu peke yake, ukishikanisha na la chini siku hiyo hiyo utalichana. Haina mifuko, simu na hela weka kwenye kile kimkoba cha mbele, sporani.

Mzee wa Kumbukumbu: Mwanangu, vaa kwa heshima maana nguo hii imeteswa. Baada ya vita vya Culloden 1746, waasi wa milimani Scotland waliposhindwa, bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani, ukikamatwa mara ya kwanza jela miezi 6, ukirudia unasafirishwa ng'ambo miaka 7, wanajeshi tu ndo waliachwa wavae. Marufuku ikaondolewa 1782, na 1822 mfalme George IV alipokwenda Edinburgh akaivaa mwenyewe! Hayo ya kila ukoo na tartani yake yalikuja kushika sana karne ya 19, kwa hiyo usiogope, tartani iitwayo Black Watch inavaliwa na yeyote.

dada_Lamu: Kaka wa Tanga na msuli umekua nao, leo kilti ikutishe? Ila msuli hauna marinda, kabla hujakaa pitisha viganja nyuma uyalaze, la sivyo utasimama yamekunjika yote. Na ya kukodi vaa na chupi tafadhali, wameivaa wengi.

Mwana_Tanga: Asanteni sana. Nimemuuliza jamaa, kumbe ameshanichagulia, tartani ya upande wa mama yake. Kesho narudi kupima, na kukaa nitajaribia hukohuko dukani.